Dawa ya Thairoidi, Mwani au Mitishamba? Mwongozo Kamili wa Kupima na Kuamua kwa Wakaazi wa Unguja na Pemba

Shangazi yangu amelima mwani kaskazini mwa Pemba kwa zaidi ya nusu ya umri wake, na kwa miaka sita alikuwa akimeza kidonge kimoja cha levothairoksini, yaani homoni ya tezi iliyotengenezwa kiwandani, kila asubuhi. Siku moja mtu akamwambia kwamba mwani anaouanika mwenyewe uani ndio dawa ya tezi ya shingo inayouzwa ghali nchi za nje, naye akaviweka vidonge kando na kuanza kunywa unga wa mwani kwa asali. Ilipofika Februari, katika joto la kaskazi ambalo wengine walikuwa wakitandika mikeka barazani ili wapate upepo, yeye alikuwa akijifunika blanketi. Uso umemvimba, sauti imekuwa nzito, na hesabu za magunia ambazo hakuwahi kuzikosea zikawa zinampotea. Kipimo cha damu kilionyesha TSH, homoni inayopanda tezi ikilegea, imepanda mara kadhaa juu ya kiwango cha kawaida. Alirudi kwenye vidonge, na baada ya miezi miwili na ushei akarudi baharini.

Siandiki haya ili kuwacheka wanaotumia mitishamba, kwa sababu upande wa pili nao una makosa yake: wapo watu wanaomezeshwa vidonge ambavyo hawakuvihitaji, na wapo watoto wenye rovu, yaani uvimbe wa tezi shingoni, ambao walichokikosa ni chumvi yenye madini joto tu. Uamuzi wote kuhusu tezi hii unasimama juu ya swali moja, nalo ni kama tezi imekosa malighafi au imekosa uwezo wa kufanya kazi. Hatua zinazofuata zimepangwa ili msomaji alijibu swali hilo kabla ya kununua chochote, iwe ni kwenye duka la dawa au Darajani kwa wauza dawa za miti.

Kazi ya tezi, kwa ufupi

Tezi ya thairoidi imekaa mbele ya shingo, chini kidogo ya kongomeo, na umbo lake ni kama la kipepeo aliyekunjua mabawa. Hutengeneza homoni mbili kubwa, T4 na T3, na tarakimu hizo zina maana yake: T4 imebeba atomu nne za ayodini na T3 imebeba tatu. Ayodini ndiyo ile tunayoiita madini joto. Kwa hiyo tezi isiyopata madini joto inafanana na seremala asiyekuwa na mbao. Lakini seremala aliyevunjika mikono hasaidiwi kwa kuletewa mbao zaidi, na huenda zikamwangukia. Chini ya ubongo ipo tezi nyingine ndogo inayotoa amri kwa homoni iitwayo TSH. Homoni za thairoidi zikipungua katika damu, TSH hupanda ili kuihimiza tezi. Zikizidi, TSH hushuka.

Hatua ya kwanza: pima kabla ya kumeza chochote

Uchovu usioisha, kunenepa bila kuongeza chakula, choo kigumu, kuhisi baridi, ngozi kukauka, nywele kukatika, hedhi kuvurugika na moyo kuwa mzito ni dalili za tezi iliyolegea, yaani inayotoa homoni pungufu. Tatizo ni kwamba dalili hizo hizo anaweza kuwa nazo mtu mwenye upungufu wa damu, mwenye kisukari, mwenye sonona, mjamzito ambaye bado hajajijua, au mwanamke aliyefika umri wa kukoma hedhi, na kwa kuwa upungufu wa damu ni wa kawaida mno kwa wanawake wa kwetu, anayeanza dawa ya thairoidi kwa kusoma dalili peke yake ana uwezekano mkubwa wa kutibu maradhi asiyokuwa nayo. Omba kipimo cha TSH, na TSH ikitoka nje ya kiwango, omba T4 huru, yaani ile isiyoshikwa na protini za damu. Katika damu hiyo hiyo omba pia wingi wa damu na sukari. Kipimo cha kingamwili za TPO, yaani zile ambazo mwili hutengeneza dhidi ya tezi yake wenyewe, kikipatikana, kitasaidia kujua sababu.

Tezi inayofanya kazi kupita kiasi huleta sura ya kinyume: moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, kukonda huku mtu anakula vizuri, jasho, kukosa usingizi, na pengine macho kutokeza. Visiwani kwetu mtu wa namna hii mara nyingi hupelekwa kwanza kwa anayesoma au anayepunga, kwa kuwa anayetetemeka na kukesha huonekana amepandwa na kitu. Kusomewa hakumzuii mtu kutolewa damu, na mambo hayo mawili yanaweza kufanyika siku moja, mradi lile la damu lisicheleweshwe.

Kabla ya kupanda gari kwenda Mkoani katika Hospitali ya Abdulla Mzee, au kuvuka kwenda Mnazi Mmoja, uliza kwanza kama vitendanishi, yaani dawa za maabara za kufanyia kipimo, vipo, kwa sababu safari ya boti kwa ajili ya kipimo kisichokuwepo humfanya mgonjwa asirudi tena. Nenda asubuhi, na kama tayari unatumia dawa, imeze baada ya kutolewa damu. Wanaotumia vidonge vya biotini kwa ajili ya nywele na kucha waviache angalau siku mbili kabla, kwani biotini huyapotosha majibu ya maabara nyingi na kumfanya mtu mwenye afya aonekane mgonjwa. Usipime ukiwa na homa kali au umelazwa kwa maradhi mengine, ila daktari akiwa na sababu maalumu, kwa maana mwili unaoumwa hubadilisha viwango hivi kwa muda.

Hatua ya pili: soma majibu yako mwenyewe

Kiwango cha kawaida cha TSH kwa mtu mzima ni takriban 0.4 hadi 4.0 mIU kwa lita, na kila maabara huandika mipaka yake pembeni ya jibu. Ipige picha karatasi hiyo kwa simu, kwa sababu karatasi hupotea na daktari atakayekuona mwakani atataka kulinganisha.

TSH ikizidi 10 na T4 ikiwa chini ya kiwango, tezi imeshindwa kazi na mwili hauna homoni ya kutosha. Hapa dawa inahitajika, na muda unaopotezwa kwa kujaribu vitu vingine ni muda ambao moyo, ubongo na tumbo la uzazi vinaulipia.

TSH ikiwa kati ya 4 na 10 huku T4 ikiwa ya kawaida, jambo ni jingine kabisa, na hapa ndipo penye nafasi halisi ya kusubiri. Rudia kipimo baada ya miezi miwili au mitatu, kwani kwa watu wengi TSH ya namna hii hushuka yenyewe. Utafiti wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2017, uliowahusisha watu 737 wenye umri wa miaka 65 na zaidi, uliona kwamba wazee wenye hali hii waliopewa levothairoksini hawakupata nafuu ya dalili kuliko waliopewa kidonge kisicho na dawa. Mzee wa miaka sabini na tano mwenye TSH ya 6 anayejisikia mzima basi haharakishwi kuanzishiwa dawa, na mwanawe anayeng'ang'ania apewe vidonge hamsaidii. Mjamzito, anayetafuta mimba, mwenye rovu linalokua na mwenye kingamwili nyingi za TPO ni watu ambao daktari anaweza kuwaanzishia mapema zaidi.

TSH ikiwa chini sana na T4 au T3 ikiwa juu, tezi imezidisha kazi, na karibu kila kitu kinachouzwa kwa jina la kuiimarisha tezi kitamzidishia mgonjwa huyu madhara. Na ikitokea T4 iko chini lakini TSH haikupanda, kosa huenda liko katika ile tezi ya chini ya ubongo. Huyo anahitaji daktari bingwa, wala asisubiri.

Hatua ya tatu: tafuta sababu

Kuna imani iliyoota mizizi kwamba mtu wa pwani hawezi kupungukiwa madini joto kwa kuwa anakula samaki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba upungufu huo ulikuwepo Zanzibar, na kwamba Pemba ilikuwa na hali mbaya kuliko Unguja, kwa sababu kubwa kwamba kaya chache mno za Pemba zilikuwa zikitumia chumvi iliyotiwa madini joto. Chumvi inayovunwa katika majaruba ya pwani kwa kukausha maji ya bahari ni ya bahari kweli, lakini ayodini iliyomo ndani yake ni kidogo mno mpaka itiwe makusudi. Wengi hushangaa kusikia hivyo, nami nilishangaa.

Ikiwa rovu limeonekana kwa mtoto au kijana, majibu ya damu ni ya kawaida, na nyumbani kunatumiwa chumvi ya wazi isiyokuwa na alama, kuna uwezekano mzuri kwamba seremala amekosa mbao. Ikiwa kingamwili za TPO ziko juu, kinga ya mwili wenyewe imeishambulia tezi, na huyo ni seremala aliyevunjika mikono. Aliyekatwa tezi yote kwa upasuaji, au aliyemeza ayodini yenye mionzi ya kuiua tezi, hana seremala kabisa. Kwake hakuna mti, mbegu wala chakula kitakachojaza nafasi ya kidonge, na anayemwambia vinginevyo anamhatarishia maisha. Mwanamke aliyejifungua katika mwaka uliopita anaweza kuwa na tezi iliyovurugika kwa muda tu, ikapanda, ikashuka, kisha ikakaa sawa, kwa hiyo kwake dawa huenda isiwe ya maisha. Waulizwe pia wanaotumia amiodaroni kwa maradhi ya moyo au lithiamu kwa maradhi ya akili, kwani dawa hizo zote mbili huigusa tezi.

Hatua ya nne: pima vitu vya asili kimoja kimoja

Neno asili limekuwa mfuko mmoja uliotiwa vitu visivyofanana. Nitavitoa kimoja kimoja.

Chumvi yenye madini joto ndiyo msaada wa asili wenye ushahidi mkubwa kuliko yote, na ni ajabu kwamba hakuna anayeiweka kwenye chupa nzuri na kuiita tiba. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 za ayodini kwa siku, na mjamzito au anayenyonyesha anahitaji 250. Chumvi iliyotiwa miligramu 30 za ayodini kwa kila kilo hutoa takriban mikrogramu 150 katika gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai, na gramu hizo 5 ndizo Shirika la Afya Duniani linalosema mtu mzima asizivuke kwa siku. Maana yake ni kubadilisha aina ya chumvi, si kuongeza chumvi, jambo ambalo wenye shinikizo la damu wanapaswa kulishika sana. Nunua pakiti iliyofungwa na yenye maandishi ya madini joto, imimine katika chombo chenye kifuniko, kiweke mbali na jiko na jua, na utie chumvi mchuzi ukikaribia kuiva, kwa sababu ayodini hupotea kwa joto, mwanga na unyevu. Chumvi inayoachwa wazi kwenye kifuu karibu na mafiga wakati wa masika haina kitu baada ya muda. Kwa mtoto rovu litapungua polepole kwa miezi mingi. Kwa mtu mzima mwenye rovu la vinundu la miaka ishirini, chumvi hailirudishi, na picha ya ultrasaundi ndiyo inayotakiwa.

Mwani unahitaji maneno zaidi, maana ni wetu. Kilimo chake cha kibiashara kilianza mwaka 1989 katika pwani ya mashariki ya Unguja, Paje na Jambiani, na aina zinazolimwa ni ile inayoitwa spinosumu na ile iitwayo kotonii, ambazo husafirishwa nje ili zitoe karajini ya kugandisha vyakula na dawa. Siku hizi unga wake umetiwa katika sabuni, juisi, jemu na vikopo vya dawa. Kama chakula kidogo cha mara moja moja sina ugomvi nao. Kama dawa ya tezi ninao ugomvi, kwa sababu kiasi cha ayodini katika mwani hubadilika kwa aina, kwa mahali, kwa msimu na kwa namna ulivyoanikwa, na hakuna anayesaga uani kwake anayeweza kukuambia kijiko kimoja kina mikrogramu ngapi. Ayodini ikizidi, tezi iliyoshambuliwa na kinga hujifunga na kuzidi kulegea. Na mzee mwenye rovu la vinundu, aliyeishi miaka mingi na ayodini kidogo, anaweza kwa shehena ya ghafla kupata tezi inayokwenda mbio, na moyo ukaanza kupiga bila mpangilio. Wataalamu wa Marekani waliweka mpaka wa juu wa mikrogramu 1,100 kwa siku kwa mtu mzima, na wa Ulaya wakaweka 600. Mwani wa kahawia wa nchi za baridi, unaouzwa kwenye vidonge, ndio hatari zaidi, kwani gramu chache zake zinaweza kuivuka mipaka hiyo mara nyingi.

Muhogo una sifa mbaya isiyokuwa yake yote. Ndani yake mna sianidi ambayo mwili huigeuza kuwa thayosianeti, na kitu hicho huizuia tezi kuchukua ayodini; lakini madhara huonekana pale penye mambo mawili kwa pamoja, yaani muhogo mchungu usioandaliwa vizuri unaoliwa kila siku, na madini joto machache. Anayemenya, akaroweka, akachemsha na kumwaga maji, na anayetumia chumvi nzuri, na ale muhogo wake wa nazi kwa raha. Kisamvu kitwangwe na kipikwe vya kutosha. Uwele na kabichi vina hukumu hiyo hiyo, na sioni sababu ya kumnyima mtu kabichi.

Habasoda ndiyo ninayoulizwa zaidi, kwa heshima iliyonayo katika dini na katika kabati za nyumba zetu. Ulifanyika utafiti Iran, ukachapishwa mwaka 2016, wa wagonjwa 40 wenye tezi iliyoshambuliwa na kinga, ambao nusu yao walipewa unga wa habasoda gramu 2 kwa siku kwa wiki nane. TSH na kingamwili zao zilishuka kidogo. Ni habari njema ndogo. Watu 40 kwa wiki nane hawatoshi kumwachisha mtu dawa, lakini wanatosha kunifanya nisimkataze bibi anayetafuna kijiko chake, mradi akitenge mbali na kidonge kwa saa kadhaa na daktari wake ajue. Mlonge nisingeufanya dawa ya tezi iliyolegea: majaribio ya panya yalionyesha dondoo la majani yake likipunguza T3, na japo panya si mtu, mgonjwa aliyepungukiwa homoni hana haja ya kujaribu upande huo. Hijama haitengenezi homoni.

Selenamu, madini ambayo tezi huyahitaji kwa kiasi kidogo sana, hupatikana katika samaki na mayai. Anayekula changu na dagaa mara kadhaa kwa wiki hahitaji kidonge chake, na kikizidi hung'oa nywele na kucha.

Zipo halafu chupa za kigeni zinazoagizwa kwa simu, zenye picha ya kipepeo na ahadi ya kuisaidia tezi. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2013 ulizichunguza bidhaa kumi za namna hiyo, na tisa kati yake zikakutwa na homoni yenyewe ya T3 ambayo haikuandikwa. Ndiyo maana watu husema zinafanya kazi haraka. Ukiona chupa isiyosajiliwa na Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, iache dukani.

La mwisho ni lile ambalo kwenye intaneti huitwa thairoidi ya asili. Muislamu asilinunue kabla ya kujua ni nini: kwa kawaida ni unga wa tezi ya nguruwe iliyokaushwa. Jambo lenyewe lina historia ndefu na ya heshima, kwani daktari George Murray wa Uingereza alimtibu mgonjwa kwa dondoo la tezi ya kondoo mwaka 1891, na kwa miongo mingi haikuwepo njia nyingine. Hata hivyo, mbali na suala la halali na haramu, unga huo una kasoro ya kitabibu: kipimo chake kimoja cha kawaida kina takriban mikrogramu 38 za T4 na 9 za T3, yaani T3 nyingi kuliko uwiano ambao tezi ya mtu huutoa, na ziada hiyo huusukuma moyo. Levothairoksini ya kiwandani, kwa upande wake, ni T4 ile ile, chembe kwa chembe, ambayo tezi yako ingeitengeneza. Anayesema amechagua asili kwa kumeza tezi ya mnyama badala yake amekwenda mbali zaidi na asili ya mwili wake. Bado inafaa kumwomba mfamasia asome viambato vya kidonge chochote, kwa anayetaka moyo wake utulie juu ya uhalali wake.

Hatua ya tano: ukiamua dawa, imeze kama inavyotakiwa

Kwa mtu mzima ambaye tezi yake imesimama kabisa, kipimo kamili huwa karibu mikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito, kwa hiyo mwenye kilo 60 huishia karibu na mikrogramu 100. Mzee, na yeyote mwenye maradhi ya moyo, huanzishwa na 12.5 au 25 na kupandishwa taratibu. Daktari ndiye anayepanga. Nambari hizi ni za kukusaidia kuuliza.

Kidonge humezwa kwa maji matupu, tumbo likiwa wazi, nusu saa hadi saa moja kabla ya chai na kahawa. Vidonge vya madini ya chuma, ambavyo wajawazito wetu wengi hupewa kliniki, na vidonge vya kalsiamu vitengwe kwa saa nne, kwa sababu huishika dawa tumboni na kuitoa bila kufanya kazi. Dawa za kiungulia nazo hupunguza unyonyaji. Nimeona dozi ikipandishwa mara mbili kwa mama ambaye kosa lake lilikuwa moja tu, kumeza dawa zake zote kwa kikombe kimoja cha chai ya maziwa.

Baada ya takriban siku saba nusu ya dawa huwa bado imo mwilini. Ndiyo maana TSH hupimwa tena baada ya wiki sita hadi nane na si kabla, ndiyo maana kusahau siku moja hakuleti balaa, na ndiyo maana pia anayeacha hujisikia mzima kwa wiki mbili tatu na kudhani kwamba mwani umemponya. Ukibadilishiwa kampuni ya kidonge, pima tena baada ya muda huo huo. Vihifadhi vidonge mahali pakavu pasipozidi nyuzi joto 25 au penye ubaridi kuliko pengine pote nyumbani, ndani ya pakiti yake, mbali na jiko na dirisha. Wakaazi wa Pemba wanunue pakiti inayofuata wakiwa bado wamebakiwa na vidonge vya mwezi mmoja, maana bahari ikichafuka na duka likiishiwa hakuna wa kulaumiwa.

Katika Ramadhani, mgonjwa wa tezi iliyolegea ambaye hali yake imetulia kwa kawaida anaweza kufunga. Njia nyepesi ni kuamka nusu saa kabla ya daku, kumeza kidonge kwa maji, kisha kula. Njia ya pili ni kumeza wakati wa kulala, saa tatu baada ya kula, lakini katika mwezi ambao watu wanarudi kutoka tarawehe na kukaa tena kwenye sinia, sioni wengi wakizipata saa hizo tatu. Kufungulia kidonge adhana ya magharibi na kusubiri nusu saa mbele ya futari kunawezekana kwa mwenye subira kubwa. Chagua njia moja na uishike mwezi mzima.

Anayetibiwa tezi iliyozidi kazi ana mambo yake. Dawa yake mara nyingi ni kabimazoli, ambayo wengi huimeza mara moja kwa siku na hivyo haiwasumbui katika kufunga, pamoja na propranololi ya kutuliza moyo kwa muda. Hutumiwa kwa miezi 12 hadi 18, na karibu nusu ya wagonjwa maradhi huwarudia wakiiacha, ndipo hufikiriwa upasuaji au ayodini yenye mionzi. Jambo moja aliandike ukutani: akipata homa na koo kuuma, aache kabimazoli siku hiyo hiyo na akapimwe chembe nyeupe za damu, kwa sababu mara chache dawa hii huzimaliza. Asidhani ni mafua akaenda kununua vidonge vya koo dukani.

Hatua ya sita: ukitaka kujaribu kitu cha asili, jaribu kwa hesabu

Usiguse dozi ya kidonge. Pima TSH na uandike tarehe katika daftari. Ongeza kitu kimoja tu, kwa kiasi kile kile kila siku, kwa wiki nane, bila kubadilisha chakula kingine wala kuanza kitu cha pili. Kisha pima tena katika maabara ile ile. TSH ikishuka chini ya kiwango, daktari ndiye atakayepunguza kidonge, kwa hatua ndogo, na kipimo kingine kitafuata baada ya wiki sita hadi nane. Ikibaki pale pale, umejua, na pesa zako ziende kwenye samaki. Mwenye TSH ya kati ya 4 na 10 anayesubiri kurudia kipimo anaweza kufanya jaribio hili hili kwa kubadilisha chumvi tu. Aliyekatwa tezi, mwenye tezi iliyozidi kazi, mjamzito na mwenye maradhi ya moyo wasiingie katika majaribio haya.

Mjamzito ana hukumu yake peke yake. Mtoto tumboni hutegemea homoni ya mama katika miezi ya mwanzo, wakati ubongo wake unapojengwa, kwa hiyo anayetumia levothairoksini akijua tu kwamba ana mimba aongeze dozi kwa takriban robo. Njia inayotumika ni kumeza vidonge tisa kwa wiki badala ya saba, huku akienda kliniki haraka kupimwa. Mkwe, wifi au jirani atakayemwambia aache dawa kwa ajili ya mtoto anakosea, hata kama anasema kwa mapenzi. Anayetumia kabimazoli na anayetaka kushika mimba azungumze na daktari kabla, kwani huenda akabadilishiwa dawa kwa miezi mitatu ya kwanza.

Wakati wa kuacha kusoma na kwenda hospitali

Uvimbe wa shingo unaokua kwa wiki chache, uliokuwa mgumu kama jiwe, au unaoambatana na sauti iliyokwaruza bila mafua, shida ya kumeza au ya kupumua ukilala chali, haungoji chumvi wala habasoda. Unataka ultrasaundi na pengine kutolewa chembe kwa sindano. Mgonjwa wa tezi iliyolegea anayesinzia mchana kutwa, aliyepoa mwili, anayepumua polepole na kujibu kwa kuchanganyikiwa apelekwe usiku huo huo, hasa kama aliacha dawa. Na mwenye tezi iliyozidi kazi anayepata homa kali, moyo kwenda mbio kupita kiasi, kutapika na kuweweseka apelekwe vivyo hivyo. Mpelekaji achukue pakiti zote, za duka la dawa na za mganga, pamoja na kikopo cha unga wa mwani kama kipo, aviweke mbele ya daktari na kusema kila kimoja kilianza kutumika lini.